Kupunguza kafeini: majani yapi ya kununua Nairobi

Kahawa ya kuchuja, kikombe cha mililita 240, ina kafeini miligramu 95 hivi. Chai nyeusi ya kiasi hicho ina karibu 47, na chai ya kijani karibu 30. Lakini hiyo ni chai ya kuloweka. Ukichemsha majani muda mrefu sufuriani pamoja na maziwa, kafeini hutoka zaidi, hasa kwa majani ya CTC, yaani yaliyopondwa na kukatwa kwa mashine yakawa chembe ndogo.

1. Mchaichai. Hauna kafeini kabisa. Nunua fungu bichi kwa mama mboga: majani yawe ya kijani, ukiyasugua yanukie ndimu. Katakata matatu au manne, chemsha kwa nusu lita ya maji dakika kumi. Ukinunua paketi, geuza nyuma usome viambato. Zipo zenye picha ya mchaichai mbele, kumbe ndani ni chai nyeusi iliyotiwa ladha. Wengi hukosea hapo, kisha wanashangaa usingizi umeenda wapi.

2. Rosela, yaani hibiscus iliyokaushwa. Nayo haina kafeini. Chagua maua makavu mazima ya rangi ya damu ya mzee. Vumbi jingi ni dalili ya mzigo wa zamani. Kijiko kimoja cha mezani kwa kikombe, funika dakika saba. Usiipikie kwenye sufuria ya alumini, maana asidi yake huila. Tumia birika la chuma cha pua au kikombe cha udongo. Anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwani rosela hushusha presha.

3. Rooibos ya Afrika Kusini. Haina kafeini, na inakubali maziwa vizuri. Tatizo ni bei, kwa kuwa inaagizwa kutoka nje.

4. Chai ya kijani. Inapunguza tu, haiondoi. Maji yasichemke kabisa, la sivyo inakuwa chungu.

Majani ya yerba mate ya Amerika Kusini na yaupon ya Marekani huuzwa kama chai za mitishamba, ila zote mbili zina kafeini. Ziache.

Kama huwezi kuacha kahawa, nunua ya aina ya arabika tupu; aina nyingine, robusta, ina takriban mara mbili ya kafeini. Herufi AA kwenye paketi ya kahawa zisikutishe wala kukuvutia: zinapima ukubwa wa punje. Mjamzito asipite miligramu 200 kwa siku, chai ikihesabiwa humo.