Pedi za PS2 na za TV gemu kwenye laptopu: uzoefu wangu hapa Mbeya

Kama una pedi za PS2 zimelala kabatini na una laptopu, nunua adapta ya USB ya matundu mawili, ila usitoe hela kabla hujaijaribu pale pale dukani na pedi zote mbili. Kama pedi zako ni zile za TV gemu za kaseti, zenye kichwa cha matundu tisa, adapta hiyo haikusaidii kitu. Tafuta bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4, inayoweza kujitambulisha kwa laptopu kama pedi, na fundi mwenye mkono mtulivu. Nimeamua kuandika kirefu kwa sababu hapa Mbeya naona watu wanatupa pedi nzima kabisa, halafu wanaenda kununua mpya za bei rahisi ambazo mishale inakufa mapema.

Pedi zangu nimerithi kwa kaka yangu, aliyekuwa na banda la gemu Mwanjelwa. Banda lilipofungwa, PS2 zenyewe zilikuwa zimechoka, lensi hazisomi tena CD, lakini pedi zilikuwa bado zinadai. Na nasema pedi orijino za Sony, siyo zile za kuigiza. Ukiishika unaona tofauti: ina uzito wake, analogi imekaza vizuri, na mshale ukiuminya kidole kinapata jibu. Tundu la pedi la PS2 ya mwaka 2000 ni lile lile la PlayStation ya kwanza ya mwaka 1994, kwa hiyo adapta moja inakubali pedi za mashine zote mbili. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kutozitupa.

Adapta ya kwanza niliinunua duka moja mjini. Ukichomeka pedi moja, inafanya kazi. Ukichomeka ya pili, kompyuta inaziona mbili kama moja: mchezaji wa pili akikimbia, na wa kwanza anakimbia naye. Nilipoirudisha, muuzaji akaniambia, "Kaka, hiyo itakuwa ni kompyuta yako." Tukaijaribu kwenye laptopu yake mwenyewe, ikafanya vile vile, akakubali kunirudishia sehemu tu ya hela. Iliniuma, kwa sababu mtu mwingine asiyejua kuijaribu angeondoka akiamini laptopu yake ni mbovu.

Ya pili niliiagiza Kariakoo, ikapanda basi, na ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Ni kiboksi cheusi chenye matundu mawili mbele na waya mfupi wa USB nyuma. Nililipa shilingi 15,000, mzigo kando. Ndani ya pakiti kuna kisidii kidogo cha programu. Hakikunizuia, ingawa laptopu yangu hata sehemu ya CD haina: Windows iliitambua yenyewe, na laptopu ya binamu yangu yenye Linux nayo ikaitambua bila kuuliza swali. Kisidii kile kazi yake ni kuwezesha pedi itetemeke. Mimi mtetemo sihitaji.

Jaribio lenyewe ni rahisi, na muuzaji wa kweli hatakukatalia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, piga Enter. Utaona orodha ya pedi zilizounganishwa. Lazima ziwe mbili, kila moja na mstari wake. Ingia kwenye sifa za kila moja, bonyeza kitufe kimoja kimoja uone taa yake ikiwaka pale kwenye kioo, halafu zungusha analogi polepole. Alama ya msalaba iende mpaka kwenye kona na irudi katikati yenyewe. Kama inabaki pembeni, analogi imechoka au adapta inasoma vibaya. Badilisha pedi ujue kosa liko wapi.

Kuna mambo mawili ya adapta hii yatakusumbua mwanzoni. La kwanza ni taa nyekundu ya pedi. Taa ikiwa imezimwa, mishale inatumwa kwa kompyuta kana kwamba ni analogi. Ukiiwasha, mishale inahama na kuwa kitu cha peke yake. Ukipanga vitufe taa ikiwa imezima, halafu katikati ya mechi mtu akagusa kile kitufe cha Analog, mchezaji anaacha kusikia mishale na wote mnadhani waya umekatika. Wekeni kanuni nyumbani: taa inawaka kwanza, ndipo gemu inafunguliwa.

La pili ni mpangilio wa vitufe. Kwenye adapta yangu pembetatu ndiyo namba 1, duara 2, X namba 3, mraba 4. Gemu nyingi hazitegemei hivyo. Vidole vya mtu aliyekulia kwenye banda vinajua X ni pasi fupi na mraba ni shuti. Usipopanga upya, utashangaa beki anapiga pasi ya kupenyeza kila unapotaka kutuliza mpira. Tena gemu nyingi mpya za kompyuta zinatambua tu mfumo wa XInput uliokuja na pedi ya Xbox 360 mwaka 2005, na adapta hizi za bei rahisi hazizungumzi lugha hiyo. Njia niliyoizoea ni kuifungua gemu kupitia Steam, programu ya duka la gemu la mtandaoni, hata kama sikuinunua huko: unaiongeza kwenye orodha, unaruhusu Steam ipange pedi, mara moja tu, basi. Kwa gemu za zamani natumia RetroArch, programu ya kuchezea gemu za mashine za zamani, ambayo inakumbuka mpangilio wa kila pedi.

Sasa kuchelewa. Nilisikia watu wakisema adapta hizi zinachelewesha kitufe, na ni kweli kiasi. Pedi za USB za aina hii kwa kawaida zinaulizwa na kompyuta kama mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Picha moja kwenye kioo cha kawaida inakaa milisekunde 16 na kidogo. Kwenye mpira wa miguu huwezi kuhisi. Kwenye gemu za kupigana, ambako unazuia pigo ndani ya picha moja au mbili, binamu yangu analalamika na namwamini, maana ndiye anayenipiga. Lakini angalieni na televisheni kwanza. Tulipounganisha laptopu kwenye TV ya sebuleni kitufe kilichelewa vibaya, na tulipowasha ile hali ya gemu kwenye mipangilio ya TV tatizo karibu lote likaisha. Adapta ilikuwa inasingiziwa.

Upande wa pedi za TV gemu ndiko kulikonipa raha zaidi. Zile mashine zenye kaseti za njano zilizojaa kila mtaa zilikuwa nakala za Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Nakala nyingi ziliwekewa kichwa cha matundu tisa, umbo lile lile la pedi za Atari na Sega Mega Drive. Umbo ni moja, lakini waya ndani zimepangwa tofauti kabisa. Tafadhali sana, msizichomeke ovyo. Kwenye kompyuta za mezani za zamani kuna tundu la pini tisa nyuma ambalo kichwa cha pedi kinaingia bila kulazimisha. Hilo ni la mawasiliano ya mashine za ofisini, na linaweza kutoa umeme wa volti 12 kwenda juu na kwenda chini ya sifuri. Pedi ya volti 5 haiwezi kuvumilia.

Pedi yangu nilimpelekea fundi mmoja wa redio pale Kabwe, mtu mzima aliyeanza kazi enzi za santuri. Nilikuwa na karatasi niliyochapa yenye mpango wa waya. Aliisoma, akaiweka pembeni. "Mdogo wangu, karatasi tutaihitaji, ila rangi za waya usiziamini." Akafungua skrubu za mgongoni, pedi ikafunguka. Ndani ni kitu kidogo kuliko nilivyotarajia: mpira laini wenye vidoto vyeusi vya kaboni, bodi ya kahawia, tone moja jeusi la gundi lililofunika chipu, na waya tano. Akaweka mita yake ya kupimia umeme kwenye mlio. Ncha moja akaigandisha kwenye ile njia pana ya shaba inayopita chini ya vitufe vyote, ncha nyingine akaanza kugusa pini za kichwa moja baada ya nyingine. Ilipolia akasema, "Hasi hii hapa." Ilikuwa pini ya 8, kama karatasi ilivyosema. Umeme ukawa ya 6. Zilizobaki tatu ni za mazungumzo.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi na yamepangwa kwa akili sana. Pedi orijino ya Nintendo ina chipu ya 4021. Waya wa kwanza unaiamuru chipu ikariri hali ya vitufe vyote kwa wakati mmoja. Waya wa pili unapiga hatua, na kwa kila hatua waya wa tatu unarudisha jibu la kitufe kimoja: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Vitufe vinane, majibu manane, kisha inaanza upya. Hivyo vitufe vya turbo vya pedi zetu havihesabiwi kivyake; pedi inapiga tu A au B haraka haraka, na kompyuta inaona hivyo hivyo.

Bodi niliyotumia ni Pro Micro. Chipu yake ya ATmega32U4 ina USB ndani yake, kwa hiyo ukiichomeka kwenye laptopu inaweza kujitambulisha kuwa pedi. Vijana wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, wengi wana bodi za Arduino Uno za masomo; ile chipu yake ya ATmega328P haina uwezo huo yenyewe, msihangaike nayo kwa kazi hii. Kodi, yaani maandishi ya programu ya bodi, zipo bure mtandaoni, nami niliibadilisha kidogo tu ili kuchagua pini. Fundi alichomea waya tano kwa risasi kwenye bodi, tukaacha kichwa cha pedi kikiwa kizima ili mtu akitaka kuirudisha kwenye mashine yake aweze. Bodi ilinigharimu shilingi 25,000, ufundi 5,000.

Na hii haina kuchelewa kwa kuhisi. Bodi hii inaweza kuulizwa na kompyuta kila milisekunde 1. Kwenye gemu za kuruka, unapobonyeza A kwenye ukingo kabisa wa jukwaa, mtu anaruka pale pale. Pedi ya utotoni, ile ile yenye plastiki ya kukwaruza, inafanya kazi vizuri kuliko pedi mpya niliyoazimwa. Pia kuna faida ambayo sikuwa nimeiwaza: umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri na pedi inakula umeme kidogo mno. Zamani umeme ukikatika jioni ndiyo ilikuwa mwisho wa gemu.

Kuhusu usafi, pedi nyingi zinazosemekana zimekufa ni chafu tu. Nyingine zilinifikia kutoka Tukuyu, ambako mvua haikauki, zikiwa na ukungu wa kijani kwenye pini. Spiriti ya famasi, pamba kwenye kijiti, pole pole kwenye bodi na kwenye pini. Vile vidoto vyeusi vya mpira vifute kwa mkono mwepesi, maana kaboni ikitoka ndiyo basi. Acha ikauke kabisa kabla hujafunga. Baridi la Juni na Julai linachelewesha, iache usiku kucha.

Pedi za Sega Mega Drive zinakubali bodi hiyo hiyo ya Pro Micro, kwa kodi na mpango tofauti wa waya. Za Nintendo 64 na GameCube zinatumia volti 3.3 kwenye waya wa mazungumzo, hivyo usiziunge moja kwa moja na bodi ya volti 5.

Kwa familia yenye pedi za PS2 na watoto wanaotaka kucheza mpira, adapta ya shilingi 15,000 inatosha na nainunua tena bila kusita. Kwa mtu wa gemu za kupigana, au mwenye pedi za TV gemu anazozipenda, weka hela kwenye bodi. Mlioko Iringa na Makambako, mzigo wa Kariakoo unawapitia njiani kabla haujafika kwetu, kwa hiyo kuagiza kwenu ni rahisi zaidi. Mwambieni muuzaji apige video akiwa amechomeka pedi mbili kwenye adapta na joy.cpl ikiwa wazi, kila pedi na mstari wake, ndipo mtume hela.