Kitunguu cha Galmi: zao la bonde linalostahili bei yake

Miongoni mwa vitunguu ninavyovijua katika masoko ya Afrika Magharibi, sijapata kinachofaa mchuzi wa kupikwa polepole kuliko kile cha zambarau kinacholimwa Galmi na vijiji jirani, katika mkoa wa Tahoua nchini Niger. Nilivinunua kwa wakulima wenyewe, kando ya Barabara ya Taifa namba 1, baina ya Birni N'Konni na Madaoua, na baadaye nikanunua vingine vyenye jina hilohilo katika soko la Niamey. Tofauti ya mafungu hayo mawili ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii.

Kitunguu chenyewe kina umbo bapa kidogo, ganda la zambarau linalong'aa na nyama nene iliyoshikana. Ukali wake ni wa kweli, kiasi kwamba sikipendekezi kwa kachumbari isipokuwa kimeoshwa kwa maji ya chumvi. Sifa yake kubwa huonekana kikiwa motoni. Kwa kuwa kina maji machache kuliko vitunguu vya manjano kutoka Uholanzi, ambavyo huuzwa kwa wingi katika miji ya pwani ya Afrika Magharibi, hakichemki katika maji yake chenyewe, bali hukaangika sawasawa, huiva hadi kikawa na utamu, na huupa mchuzi uzito bila kuhitaji nyanya nyingi. Mapishi ya Kihausa ya wali na kunde, ambayo humiminiwa mafuta yaliyokaangiwa vitunguu, hupata ladha nyingine kabisa kwa kitunguu hiki.

Ubora huo haukuja kwa bahati. Galmi ipo katika eneo la Ader, yenye miinuko ya mawe iliyokatwa na makorongo, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kati ya Juni na Septemba, na mara nyingi haizidi milimita 500 kwa mwaka. Maji hayatulii juu ya miinuko ile: huporomoka kwa kasi kupitia vijito vya msimu, ambavyo watu wa Niger huviita kori, na hubeba mashapo laini hadi mabondeni. Hivyo mteremko hupoteza udongo, na bonde likapata udongo mzito wenye rutuba unaohifadhi unyevu, pamoja na maji ya chini ya ardhi yanayofikika kwa visima vifupi. Katika bonde la Maggia, lililo katika eneo hilohilo, wanavijiji wakisaidiwa na shirika la misaada la CARE walianza katika miaka ya 1970 kupanda safu ndefu za mwarobaini ili kuukinga udongo dhidi ya upepo, na safu hizo zimekuwa mfano unaotajwa sana katika Saheli, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara.

Wenyeji walio wengi ni Wahausa, wakiishi pamoja na Watuareg na Wafulani. Wakati wa mvua hulima uwele, mtama na kunde kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Mvua zikiisha, hushuka bondeni na kuanza vitalu vya vitunguu. Miche hupandikizwa katika majaruba madogo yanayomwagiliwa kwa ndoo au pampu ndogo za petroli, na mavuno makubwa huwa kuelekea mwisho wa msimu wa baridi, kabla joto halijawa kali. Kazi hiyo huwapa vijana sababu ya kubaki nyumbani katika miezi ambayo wengi wa Saheli huondoka kutafuta vibarua Nigeria na pwani.

Mbegu nazo ni kazi ya mikono yao. Mkulima huchagua vitunguu bora, huvihifadhi, kisha huvipanda tena ili vitoe maua na mbegu. Ndiyo maana wakulima wa Niger walipinga kwa nguvu pale kampuni moja ya mbegu ya Senegal ilipoomba haki ya kumiliki aina hiyo kwa jina la Galmi. Kampuni ikaishia kutumia jina jingine. Naona walikuwa na haki kabisa, kwa kuwa jina hilo limejengwa na vizazi vya watu waliokuwa wakichagua mbegu zao kwa macho na vidole.

Kasoro zipo, na nyingi huanzia baada ya shamba. Mavuno yakimiminika sokoni kwa pamoja, bei huporomoka, na mkulima mwenye deni huuza vitunguu ambavyo shingo zake hazijakauka. Vile nilivyonunua Niamey vilikuwa vya namna hiyo: vilijazwa lumbesa, vya chini vikapondeka, na vingine vikaanza kuoza upesi. Vya barabarani Galmi, vilivyokaushwa vyema, vilikaa muda mrefu bila kuchipua. Wakulima wenye uwezo huvihifadhi katika rudu, ghala la miti na nyasi linalopitisha hewa, wakisubiri bei ipande wakati wa mvua. Mnunuzi na abonyeze shingo ya kitunguu kabla ya kulipa. Ikiwa laini, aache. Ukubwa pia haulingani, na baadhi hugawanyika mara mbili ndani ya ganda moja, jambo linalomchosha mpishi mwenye haraka.

Sehemu kubwa ya zao hili huvuka mipaka kwa malori kwenda Ghana, Côte d'Ivoire na kwingineko, kwa hiyo mnunuzi wa pwani hulipia pia umbali, vizuizi vya njiani na faida ya madalali. Hata hivyo, kwa kitunguu kilichokauka vizuri, naiona bei hiyo kuwa ya haki.

Kwa msafiri asiyeweza kubeba gunia, ninapendekeza gabu, yaani majani ya vitunguu yaliyopondwa na kuanikwa juani. Kiasi kidogo tu kinatosha sufuria nzima, lakini yachekeche kwanza, kwani mchanga hujipenyeza wakati wa kuanika.