Uzoefu wangu na kifaa cha kusomea vitabu pepe: riwaya raha, mashairi karaha

Nianze na kioo, maana ndicho kilichonitoa kwenye simu. Kifaa hiki kinatumia wino wa kielektroniki, teknolojia iliyozaliwa katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1990. Ndani ya kioo mna vidonge vidogo mno vilivyojaa chembe nyeupe na nyeusi. Umeme huzipandisha na kuzishusha, herufi ikajichora. Ukurasa ukishatulia, kioo hakili tena chaji mpaka ufungue mwingine. Nikizima taa yake, wiki zinapita sijagusa waya. Na juani, pale simu inapogeuka kioo cha kujitazamia, hapa maandishi ndiyo kwanza yanakolea.

Riwaya zinateleza humu. Nakuza herufi nitakavyo, na kwa mwenye uoni hafifu hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kununua. Neno gumu la Kiingereza nalibonyeza, maana yake inatokea papo hapo. Kamusi ya Kiswahili haikuwamo kwenye changu.

Taabu inaanza kwenye mashairi. Faili ya EPUB, aina inayotumika sana kwa vitabu pepe, kwa ndani imeundwa kama ukurasa wa wavuti: maandishi hujipanga upya kufuata upana wa kioo na ukubwa wa herufi. Kwa nathari ni sawa kabisa. Lakini chukua tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, yenye mizani 16 kwa mshororo: ukwapi (kipande cha kwanza) 8 na utao (kipande cha pili) 8. Kwenye karatasi vipande viwili vinakaa sambamba. Jicho linashuka na vina vya kati huku, vina vya mwisho kule. Kwenye kioo cha inchi 6, ukikuza herufi kidogo tu, utao unakatika na kipande chake kinaangukia mstari wa chini. Ubeti wa mishororo minne unaonekana una minane, na vina vya kati huvioni tena. Nimepunguza herufi, nimekilaza kifaa ubavu. Kukilaza kunasaidia, ila nageuza kurasa kila mara. Lawama si ya kifaa peke yake: mchapishaji makini anaweza kuupanga utao uingie ndani kidogo pale mshororo unapokatika, ila wengi wanamwaga tu maandishi jinsi yalivyo. Diwani bado nanunua za karatasi.

PDF ina kasoro iliyo kinyume chake. Ukurasa umegandishwa, mishororo imenyooka vizuri, lakini herufi ni ndogo hadi unakunja uso, na kila ukikuza unalazimika kuuburuta ukurasa kushoto na kulia.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawalitangazi: vitabu vingi huuzwa vikiwa na kufuli la kidijitali linalozuia faili kunakiliwa na kusomwa na mwingine, na ulicholipia ni leseni ya kusoma. Julai 2009 Amazon iliwafutia wateja wa Kindle, kifaa chake cha kusomea, nakala za vitabu vya George Orwell (ndiyo, Orwell, aliyeandika riwaya kuhusu serikali inayofuta maandishi, katika waandishi wote!) kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Walirudishiwa fedha, na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe. Fedha zikarudi, vitabu vikatoweka kwenye maktaba za wateja. Kuazimana nako kumekufa. Riwaya ya karatasi nampa ndugu yangu akaimalize naye ampe mwingine, ila hii yenye kufuli nitamwazima vipi, nimpe na kifaa chenyewe?

Kwa hiyo nanunua kwanza kwa wachapishaji wanaouza faili zisizo na kufuli, na nakala ya kila faili naiweka kwenye kompyuta. Vitabu vya zamani vilivyokwisha muda wa hakimiliki navipakua bure Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, kabla hata ya kuwapo wavuti.

Ukitaka kununua, hakikisha kifaa kinafungua EPUB na kinakubali kuingiziwa faili kwa waya bila kupitia duka la mtengenezaji. Kwa riwaya, inchi 6 zinatosha na unakishika kwa mkono mmoja. Kama kazi yako ni PDF za masomo zenye majedwali na michoro, anzia inchi 10.