Propela ya Enduro 40 kwenye boti ya mzigo: kwa nini nimebaki na 11 5/8 × 11

Kwa mwenye haraka: kama una Yamaha Enduro 40 (E40X), injini ya kufunga nyuma ya boti ya nguvu farasi 40, kwenye boti ya faiba ya futi 22 hadi 24, na unabeba barafu, nyavu na watu sita au saba, anza na propela ya alumini ya Yamaha yenye chapa 11 5/8 × 11-G. Nimeifunga kwa zamu na 11 3/8 × 12-G na 11 1/8 × 13-G kwenye boti moja, kwa mzigo uleule, na sioni sababu ya kurudi kwenye hizo nyingine mbili. Ila usiinunue kwa neno langu tu. Pima kwanza mizunguko ya injini yako, maana uzito wa boti yako hakuna mwingine anayeujua ila wewe.

Namba hizo zimechongwa kwenye kitovu cha propela au kwenye panga moja. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingezama kwenye kitu kigumu, mfano wa skrubu kwenye mbao. Herufi ya mwisho ni aina ya kitovu na meno ya shafti. G ndiyo ya Enduro 40. K na M ni za injini kubwa zaidi na hazitaingia, hata muuzaji akisema zinalazimishwa. Utaona pia kwamba kwenye mfululizo wa G pichi ikipungua kipenyo huwa kinaongezeka: 11 1/8 × 13, 11 3/8 × 12, 11 5/8 × 11, hadi 12 1/4 × 9. Hiyo ya 9 ni ya kusukuma uzito polepole, kama mashua ya mbao inayobeba saruji au magunia.

Sasa jambo lenyewe. Enduro 40 imeundwa kufika kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika mkono ukiwa umezungushwa mpaka mwisho. Propela sahihi ni ile inayoifikisha injini hapo ikiwa na mzigo wako wa kawaida, na isiyoipitisha 5,500 boti ikiwa tupu. Wengi huchagua kwa kuuliza ipi ina mbio. Namba kubwa ya pichi inasikika kama mbio, kwa hiyo dukani 13 inauzika upesi. Lakini injini isiyoweza kuizungusha 13 inabaki kwenye mizunguko 4,200 huku mafuta yote yamefunguliwa. Hapo petroli nyingi inaingia, nguvu inayotoka ni ndogo, joto linapanda, masizi yanajaa kwenye vichwa vya pistoni na kwenye nafasi za ringi, na ringi zikishanata silinda inaanza kuchanika. Mafundi wanapasua injini na kulaumu oili. Mara nyingi oili haina kosa. Injini imefanya kazi msimu mzima ikiwa imekabwa.

Kosa la upande wa pili lipo, ingawa ni la nadra kwenye boti za kazi. Pichi ikiwa ndogo kupita kiasi, injini inapiga kelele, inavuka 5,500, na bearing za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) ndizo zinazolipa. Ndiyo maana 12 1/4 × 9 siipendekezi kwa boti ya faiba inayorudi tupu: ukiwa na mzigo inavuta vizuri sana, ukishashusha samaki lazima uishike mkono muda wote usifungue mpaka mwisho.

Kupima si kazi ngumu. Vipo vipimo vidogo vya mizunguko vyenye waya mmoja unaozungushwa mara nne au tano juu ya waya wa plagi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na propela. Kabla ya kukiamini, kiweke kwenye mpangilio wa injini ya viharusi viwili. Kikisoma mara mbili au nusu ya inavyotarajiwa, mpangilio ndio ulio kosa, si injini. Kwa kasi, GPS ya simu inatosha. Pakia kila kitu unachobeba siku ya kazi, barafu ikiwemo, tangi liwe nusu, kila mtu akae anapokaa siku zote. Toka nje ya bandari penye maji ya kutosha, fungua mkono mpaka mwisho, subiri boti itulie kwenye mwendo wake, soma mizunguko na kasi. Geuza, rudi njia ileile, soma tena. Chukua wastani wa kwenda na kurudi, kwa sababu mkondo wa maji unaweza kukudanganya kwa kilomita kadhaa kwa saa.

Kabla ya kuhukumu propela, ondoa mambo mengine yanayoiga dalili zake. Kebo ya mafuta iwe inafungua kabureta mpaka mwisho; nimeona injini zilizodhaniwa zina propela kubwa kumbe kebo imelegea. Plagi zote mbili ziwe zinachoma. Chini ya boti kuwe kusafi, kwa kuwa vichaza na mwani hula mizunguko kuliko inchi moja ya pichi. Na uangalie kimo cha injini: bamba la mlalo lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti, au chini yake kwa sentimita mbili hivi. Likiwa juu zaidi, propela inavuta hewa kwenye mawimbi na kwenye kona. Likiwa chini sana, unaburuta chuma ndani ya maji bure.

Kanuni ya kubadilisha ni kwamba inchi moja ya pichi kwa kawaida hubadilisha mizunguko kati ya 150 na 200, huku na huku, ingawa kwangu ilizidi hapo. Kwenye boti niliyopimia, 13 ilikwama kwenye 4,200 ikiwa na mzigo. 12 ilipanda hadi 4,450, yaani bado chini ya mstari. 11 ilifika 4,750 na mzigo, na 5,300 boti ikiwa tupu, kwa hiyo pande zote mbili iko ndani. Kasi na mzigo? 11 ilitoa kilomita 30 kwa saa, 13 ilitoa 29. Namba kubwa haikuongeza mbio hata kidogo. Tofauti unayoihisi mkononi ni wakati wa kuondoka: na 11 boti inainuka juu ya maji bila kulazimika kumwambia mtu ahamie omo (mbele ya boti), na ukishainuka unaweza kurudisha mkono hadi robo tatu na mwendo ukabaki. Na 13 ukirudisha mkono kidogo tu, boti inakalia tezi (nyuma) na kuanza kulima maji.

Hesabu ya mtelezo, yaani kasi inayopotea kwa sababu maji hukimbia mbele ya panga, inasaidia kujua kama tatizo ni pichi au ni propela yenyewe. Zidisha mizunguko kwa pichi, kisha kwa 0.001524, halafu gawa kwa uwiano wa gia, ambao kwa Enduro 40 ni 2. Unapata kilomita kwa saa ambazo zingepatikana kama maji yasingekimbia. Kwa 4,750 na 11 jibu ni karibu 39.8. Kasi ya kweli ni 30, kwa hiyo mtelezo ni kama asilimia 25. Kwa boti ya kazi iliyojaa, 20 hadi 30 ni kawaida. Ukipata 40, usikimbilie kununua pichi nyingine: tafuta panga lililopinda, kingo zilizolika, injini iliyofungwa juu mno, au bushi ya mpira ya ndani ya kitovu iliyoachia.

Wenye boti za maziwani nawaomba wasinakili jibu la pwani. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kimo. Enduro 40 ya Mwanza au Kisumu kwa hiyo imeshapungukiwa na asilimia kumi au zaidi kabla hujapakia hata wavu mmoja. Propela ya 12 inayofaa Dar es Salaam au Mombasa, kule huenda ikahitaji kuwa 11, na boti nzito ikashuka hadi 9. Naivasha, karibu mita 1,880, hali ni kali zaidi.

Vilevile, ushauri mwingi unaopatikana mtandaoni umeandikwa kwa boti za Marekani za kuvulia samaki aina ya bass: futi 18 hadi 21, nyepesi, watu wawili, injini ya nguvu farasi 150 hadi 250. Wao wanatafuta propela ya chuma yenye mapanga yaliyoinama sana kwenda nyuma ili inyanyue omo na kupunguza sehemu ya boti inayogusa maji. Kwao ni sawa kabisa. Kwenye boti yenye samaki na barafu, propela ya namna hiyo haina cha kunyanyua. Chukua kwao kanuni ya mizunguko na hesabu ya mtelezo. Majina ya propela waachie.

Alumini au chuma kisichoshika kutu? Chuma ni kigumu, mapanga yake ni membamba na hayapindi chini ya mzigo, kwa hiyo kinashika maji vizuri na kinadumu kwenye mchanga unaolainisha kingo za alumini. Lakini penye miamba ya matumbawe, kama Mafia, Kilwa au Lamu, mimi nabaki na alumini bila kusita. Panga la alumini likigonga jiwe linapinda au kuvunjika na kumaliza kishindo papo hapo. Panga la chuma halikubali, na kishindo kinapanda kwenye shafti na gia. Gharama ya gia hailingani na ya propela. Chuma pia kinaharakisha kuliwa kwa alumini ya mguu wa injini ndani ya maji ya chumvi, kwa hiyo anayekitumia aangalie zinki (kipande kinachofungwa ili kiliwe badala ya mguu) mara kwa mara na asiipake rangi.

Ndani ya kitovu mna bushi ya mpira inayoachia ili kuokoa gia. Ikichoka, dalili ni hii: mwendo wa taratibu boti inakwenda kama kawaida, ukiongeza mafuta injini inapaa kelele lakini boti haisogei zaidi. Watu huchanganya na propela kuvuta hewa, ila hewa huja kwenye kona au wimbi na kuisha ukipunguza mafuta. Kuhakikisha, chora mstari mmoja kwa msumari kutoka kitovu cha ndani, kupita kwenye mpira, hadi kitovu cha nje. Endesha kwa nguvu, rudi, tazama. Mistari ikiachana, bushi imekwisha.

Dukani, propela za kuiga si zote mbaya, lakini zikague. Ilaze juu ya meza tambarare, pima kwa rula kimo cha ukingo wa kila panga kwa umbali uleule kutoka katikati. Tofauti ya milimita tatu au nne kati ya panga na panga ni mtetemo wa hakika, na mtetemo unaua sili na bearing za shafti. Iliyochomelewa ikaguliwe vivyo hivyo. Mchomeleaji mzuri hurudisha umbo, asiye mzuri huongeza uzito upande mmoja.

Kufunga: chomoa vifuniko vya plagi kwanza. Weka kipande cha mbao kati ya panga na bamba la juu, usishike kwa mkono. Ukitoa propela, tazama nyuma yake kama kuna nailoni ya mshipi iliyojiviringa kwenye shafti. Hiyo hukata sili, maji yanaingia, na oili ya gia ikitoka nyeupe-nyeupe ujue kazi imeshafanyika. Paka meno ya shafti grisi isiyooshwa na maji ya chumvi, rudisha washa na spesa kwa mpangilio uliozikuta, kaza nati. Tundu la pini lisipolingana, endelea kukaza mpaka lilingane, kamwe usirudishe nyuma. Pini iwe mpya kila mara. Waya wa kufungia au msumari uliokunjwa haukubaliki.

Propela ya akiba ninayoibeba si nakala ya ile iliyofungwa. Ni ya 12 1/4 × 9, ikiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na nati, washa, pini mbili na spana ya nati hiyo. Siku unayohitaji akiba mara nyingi ndiyo siku unavuta boti ya mwenzako au silinda moja imegoma, na kwa kazi hiyo pichi ndogo itakufikisha bandarini wakati 12 au 13 ingeikaba injini njiani.