Boti ya familia Kigoma: mbao, faiba au alumini?

Swali la kwanza la mnunuzi wa boti Kigoma huwa ni mashine: ya nguvu farasi 25 au 40? Hilo liwe la mwisho. La kwanza ni ubavu unabaki na kimo gani juu ya maji boti ikishabeba mama, watoto, shemeji, ndoo ya barafu na mafuta ya kurudia. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, na upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi una njia ndefu ya kuyakoroga maji kabla haujafika Ujiji. Mawimbi yake ni mafupi na yamesimama kama ngazi: boti inashuka moja, pua haijainuka, la pili limeshafika. Boti iliyosifiwa ndani ya ghuba inaweza kumloanisha kila aliyemo ikishapita rasi ya Bangwe tu.

Tunazungumzia boti za mita 5.5 hadi 7, za watu sita, za kuvulia kuhe na migebuka asubuhi, kisha kuwapeleka watoto kuogelea ufukwe wa Jakobsen mchana, na mara mojamoja kupanda hadi Gombe. Vipe, zile boti za kuvulia dagaa, ni habari nyingine. Kwa matumizi hayo, chaguo letu ni faiba ya mita 6 hadi 6.5, upana usiopungua mita 2, na mashine ya 40. Boti ya mbao ya fundi mzuri wa mwalo wa wavuvi inaifuata kwa karibu, na kwa mfuko mdogo inaipita. Alumini ni boti nzuri ambayo hapa tungeiacha, na sababu si boti yenyewe.

Kabla ya kulipa, ipime kwa madumu. Isogeze boti hadi maji ya kiunoni, mashine ikiwa imefungwa na tangi limejaa. Chukua madumu ya lita 20 yaliyojaa maji. Manne ni mtu mzima wa kilo 80, kwa hiyo watu sita ni madumu 24. Yaweke juu ya viti, si sakafuni, kwa sababu uzito uliolala chini unaidanganya boti ionekane imetulia kuliko ilivyo. Pima kwa futi kamba kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa ubavu pale palipo chini kuliko kote, mara nyingi nyuma karibu na mashine. Zikipungua sentimita 45, usiinunue kwa ziwa hili. Sasa hamisha madumu manane kutoka upande mmoja hadi wa pili, ndivyo inavyokuwa watoto wote wanapokimbilia samaki aliyenasa. Upande ulioelemewa ukibaki na chini ya sentimita 25, upana hautoshi na hakuna fundi wa kukuongezea. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshakujibu.

Jambo la pili ni boti ikijaa maji. Mbao inaelea yenyewe, lakini mashine inaizamisha nyuma na kuisimamisha wima. Faiba bila maboya ndani inazama moja kwa moja, na nje kidogo tu ya Kigoma chini ni mamia ya mita, hutaiona tena. Hesabu yake ni rahisi. Ganda la faiba la kilo 400 likiwa ndani ya maji lina uzito wa theluthi moja hivi, tuseme kilo 135. Ongeza kilo 50 za mashine iliyozama na vyuma vingine, kisha kilo 70 za watu sita wanaoning'inia ubavuni. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri linainua kilo 19. Madumu 15 chini ya viti yanatosha, ila yafungwe kwa mikanda au nyavu nzito kwenye sakafu na mbavu, maana maji yakiingia yanayasukuma juu kwa nguvu na kamba ya manila iliyochoka inakatika. Gawanya yawe mengi pembeni na nyuma kuliko katikati. Hapo boti iliyojaa maji inabaki imelala sawa badala ya kupinduka. Povu gumu la kiwandani ni bora zaidi likizibwa vizuri. Likiwa wazi linanywa maji, na baada ya miaka michache umebeba godoro lililoloa.

Umbo la chini linapimika kwa ubao mmoja ulionyooka. Boti ikiwa nchi kavu juu ya magogo, pitisha ubao chini ya mkuku (uti wa mgongo wa boti), nyuma kabisa, ukae sawa kwa pima maji. Pima kutoka ubao hadi kona ambapo chini kunakutana na ubavu. Kwa nyuma yenye upana wa mita 1.8, nafasi ya sentimita 15 hadi 24 ndiyo tunayoitaka. Chini ya hapo boti ni bapa: ikisimama imetulia na inakula mafuta kidogo, lakini kwenye mawimbi ya mchana inapiga maji kwa kishindo hadi viungo vinalegea. Ikizidi sana, inakata mawimbi vizuri ikikimbia, ila ukisimama kuvua inayumba na anayetupa mshipi hana pa kukanyaga.

Kwenye mbao, wanaohamia kutoka pwani huleta hofu isiyo ya hapa. Mtoboa mbao wa baharini hayupo ziwani, wala hakuna makombe yanayoganda chini ya boti ya kukwangua kila mwezi. Adui ni maji ya mvua yanayolala ndani ya boti. Yanaozesha kuanzia kwenye maungio ya mataruma (mbavu za ndani ya boti), mahali ambapo rangi haifiki. Choma hapo kwa bisibisi. Ikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, taruma hilo limekwisha. Kisha tazama misumari. Duara jeusi kuzunguka kichwa cha msumari maana yake ni msumari wa kawaida usiopakwa zinki, na kutu yake inakula mbao inayoushika. Boti ya mbao iliyoanikwa juani wiki kadhaa za kiangazi hufunguka nafasi kati ya mbao. Ukiishusha itavuja siku moja au mbili hadi mbao zivimbe. Hilo si kosa. Kosa ni kuzijaza nafasi hizo na kalafati (pamba ya kuzibia) iliyoshindiliwa sana wakati mbao zimekauka kabisa: zikivimba hazina pa kwenda, zinasukumana na kung'oa misumari. Pamba iingie kwa kubanwa kiasi.

Faiba inataka macho ya daktari. Igonge kwa mpini wa bisibisi, kila baada ya kiganja kimoja, chini yote na ubao wa nyuma. Mahali pazima panalia kwa sauti kavu. Pakibadilika na kuwa na sauti nzito iliyozibwa, matabaka yameachana au mbao iliyofunikwa imeloa. Ubao wa nyuma ndio unaokufa kwanza, kwa sababu ndani yake kuna plaiwudi na matundu ya boliti za mashine yanapitisha maji. Mtu mmoja alale na uzito wake kwenye kichwa cha mashine iliyoinuliwa, mwingine aangalie kona: nyufa zikifunguka na kujifunga, omba ruhusa ya kutoboa tundu la milimita 5 upande wa ndani. Unga ukitoka mkavu na mweupe wa mbao, lizibe kwa rezini na uendelee na mazungumzo. Ukitoka mweusi na unanata kidoleni, ubao mzima ni wa kubadilisha.

Maji baridi yana kasoro moja ambayo wauzaji wa pwani hawaitaji. Yanapenya kwenye faiba kwa urahisi kuliko maji ya chumvi, na joto linaharakisha. Boti inayolala majini mwaka mzima hupata malengelenge chini, madogo kama ya mtu aliyeungua, na ukilitoboa linatoa maji yenye harufu kali kama siki. Machache si msiba. Dawa ni kuipandisha nchi kavu kila baada ya safari, au kuipaka epoksi matabaka kadhaa ikiwa bado mpya na kavu. Na kwa kuwa fukwe zetu nyingi zina changarawe na mawe, uliza unene wa chini: milimita 8 kwenye mkuku ndio mwanzo wa mazungumzo, na ongeza kiatu cha ubao mgumu au bamba la chuma kisichoshika kutu toka pua hadi nyuma. Kiatu kinabadilishwa, mkuku haubadilishwi. Kama boti inatoka Dar es Salaam kwa lori kupitia Tabora, mikanda isikaze juu ya ukingo mtupu. Weka magodoro, na kagua kona zote kabla hujamsainia dereva.

Alumini ni nyepesi, haiozi, haina malengelenge, na watu wawili wanaivuta ufukweni. Ikipasuka kwenye mshono, hata hivyo, inataka mashine ya TIG au MIG yenye gesi ya argoni na mtu aliyezoea kuichomelea. Fundi wa mageti na vitanda hafai hapo. Usiifunge pia vyuma vya kawaida au vya shaba bila kutenganisha kwa mpira.

Sasa mashine. Uso wa ziwa uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mashine isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa hiyo 40 ya Dar es Salaam ni kama 37 hapa, na 25 ni 23. Kwa boti ya mita 6 yenye watu sita, 25 itakufikisha lakini haitaiinua boti ikimbie juu ya maji. Italima, pua juu, na kula mafuta bure. Yamaha Enduro 40 ya moto mbili (two-stroke, inayochanganywa oili na petroli) inabaki chaguo la busara kwa sababu moja kubwa: mafundi wanaijua. Ya moto nne (four-stroke) ina mafuta nafuu na kelele kidogo, ila inaizidi uzito kwa kilo 20 na zaidi, na uzito huo wote unakaa pale pale tulipopima sentimita 45. Ukiichagua, rudia jaribio la madumu.

Kwenye moto mbili, mchanganyiko wa kawaida ni 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Mashine mpya hutaka oili zaidi saa za mwanzo, fuata kitabu chake. Ukiburuta ndoano mwendo wa kilomita 6 kwa saa kutwa nzima, plagi zinashika masizi na mashine inagoma wakati wa kurudi. Beba plagi mbili mpya na spana yake, au ufunge mashine ndogo ya 8 pembeni kwa ajili ya kuburuta. Hiyo hiyo ndiyo itakayokurudisha nyumbani. Uzi wa maji unaotoka nyuma ya mashine uutazame kila unapowasha. Ukidhoofika, impela (pangaboi dogo la pampu ya maji ya kupoza) imechoka au mchanga umeziba, na hasa ukitoka mdomo wa Malagarasi kule Ilagala, ambako maji ni mafupi na yana tope. Badilisha impela kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Halafu kuna kile kipande cha madini kinachokubali kuliwa ili mashine isiliwe: cha zinki ni cha baharini, kwenye maji baridi kinaota ganda jeupe na kuacha kazi. Nunua cha magnesiamu au alumini.

Propela ijaribiwe boti ikiwa imejaa, gesi yote. 40 nyingi za aina hii hutaka mizunguko kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Isipofika, chukua propela yenye hatua (pitch) ndogo kwa inchi moja na utapata kama mizunguko 200 zaidi.

Paa la mabati lenye nguzo nne, kama kituo cha daladala, tunalipinga. Linakamata upepo wa ubavuni na kuweka uzito juu, na hakuna anayeweza kutupa mshipi. Turubai la kukunja linatosha.

Kamba ya nanga iwe mara tano hadi saba ya kina, na mita 4 za mnyororo mbele yake. Kwenye mawe, funga kamba ya pili kwenye kitako cha nanga ili uivute kinyume ikinasa. Lakini mita mia chache toka ufukweni nanga haifiki chini, kwa hiyo uwe na mfuko wa turubai wa umbo la koni, mdomo wa sentimita 70 hivi, wenye kamba ya mita 30. Mashine ikizima, unautupa kutoka puani. Unajaa maji, unaburuta, na pua inabaki imetazama mawimbi wakati fundi wa safari anabadilisha plagi. Ndoo kubwa yenye mpini imara inafanya nusu ya kazi hiyo.

Ukaguzi na usajili ni wa TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, leseni ya uvuvi ni ya halmashauri, na jaketi okozi ziwe za saizi ya watoto wenyewe, si za watu wazima zilizofungwa kamba. Hifadhi ya Mahale inaingia ziwani kilomita 1.6, na humo hakuna ruhusa ya kuvua. Kumbuka pia kwamba mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Sikiliza tangazo la mwaka husika kabla hujalipa, kwa sababu miezi hiyo ya kiangazi ndiyo mizuri ya kupandisha boti, kuikausha na kuipiga rangi, na muuzaji mwenye boti iliyolala huwa hana ujanja mwingi kwenye bei.