Lipstiki ya maji ya bei mbaya: kagua shingo ya chupa kabla ya rangi

Wanawake walionunua lipstiki ya maji ya bei mbaya wanalalamika karibu kitu kimoja. Wiki za mwanzo ilikuwa safi, ikipakwa asubuhi inakaa mpaka jioni. Baada ya mwezi au miwili imekuwa nzito, inavutika, ikikauka inapukutika mdomoni vipande vipande, na chupa bado iko nusu. Wengine wanailaumu rangi, wengine wanaamini waliuziwa feki. Feki zipo, tena nyingi, lakini hata lipstiki halali kabisa inaharibika hivyo hivyo, na mara nyingi tatizo linaanzia kwenye shingo ya chupa.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu inakaa saa ngapi wala rangi ipi inavuma. Hayo yameandikwa kwenye kila boksi.

Lipstiki nyingi za maji zinazokauka bila kung'aa zina mambo matatu makubwa: rangi yenyewe, gundi ya jamii ya silikoni inayoing'ang'aniza rangi mdomoni, na kimiminika chepesi kinachofanya mchanganyiko mzima upakike. Kwenye orodha ya viambato kimiminika hicho huandikwa isododecane, na aghalabu kinatajwa mwanzoni kabisa. Kazi yake ni kuruka hewani. Ukishapaka, ndani ya dakika moja au mbili kimeondoka, gundi imebaki imeishika rangi, mdomo umekauka. Lakini kinaruka popote kinapopata upenyo, hata kikiwa bado chupani. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi joto 30 na zaidi, kinaondoka upesi, na unachobaki nacho ni rangi na gundi tupu.

Upenyo unapatikana hivi. Ndani ya shingo kuna kifutio, mpira mdogo wenye tundu unaokikwangua kijiti kinapotoka. Kifutio kikilegea, kijiti kinatoka kimejaa rangi hadi juu, si kwenye kisponji peke yake. Ukikirudisha, rangi ile inakwama mdomoni mwa chupa, inaingia kwenye hesi, ile mistari ya kukazia kifuniko, inakauka humo, na kuanzia siku hiyo kifuniko hakifiki mwisho. Unakaza, unahisi kimefunga, kumbe kimesimama juu ya ukoko wa rangi. Kifutio kinachobana kupita kiasi nacho kina hasara yake: kijiti kinatoka kikavu, unachovya tena na tena, na kila ukichovya unasukumia hewa ndani.

Dukani, kabla hujauliza rangi, omba testa, ile chupa ya kujaribia, na ufungue kifuniko taratibu. Kinapaswa kuzunguka bila kukwaruza, na ukikifunga kisimame pamoja na chupa bila kucheza. Vuta kijiti polepole: usikie kinabanwa kidogo, na kitoke kisafi, rangi ikiwa kwenye kisponji tu. Angalia hesi. Testa huchakaa kwa kushikwa na watu wengi, kwa hiyo uchafu kidogo usikutishe, ila kama kijiti kizima kimevaa rangi, kifutio hakifanyi kazi, na chupa mpya ya aina hiyo itakufikisha huko huko.

Testa usiipake mdomoni hata kama muuzaji amekufutia kwa tishu, kwa sababu malengelenge ya mdomo yanaambukizwa kwa njia hiyo. Paka tabaka jembamba kwenye ncha ya kidole, upande wa ndani, ambako ngozi inakunjwa na kuguswa muda wote kama mdomo. Subiri dakika tatu. Sugua kwa tishu kavu, kisha dondoshea tone la mafuta ya kula au ya nazi na usugue tena. Maji karibu zote zinayamudu. Mafuta ndiyo yanayolegeza gundi ya silikoni, na ndiyo maana lipstiki iliyokaa saa sita inaachia katikati ya mdomo kwa sahani moja ya pilau. Nyingi zitatoka kwenye mafuta. Unachotaka kujua ni zinatokaje: ikififia kidogo kidogo unaweza kuvumilia, ikijikunja na kuacha vibonge achana nayo.

Rangi za kahawia hafifu zina mtego mwingine kwa ngozi nyeusi. Soma viambato utafute CI 77891, ndiyo titani dioksidi, unga mweupe unaopunguza ukali wa rangi. Ukiwa mwingi, mdomo unaonekana umepauka kama umepakwa majivu, na kasoro hiyo haionekani chini ya taa za njano za dukani. Toka nje uitazame kwenye mwanga wa jua.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi ninapoegemea.

Nafasi ya kwanza naipa Stunna Lip Paint ya Fenty Beauty. Ilitoka Novemba 2017 ikiwa na rangi moja tu, nyekundu iitwayo Uncensored, iliyotengenezwa ili iwakae wenye ngozi nyeusi na nyeupe kwa pamoja, na kwa macho yangu imetimiza. Baadaye zikaja nyingine. Unveil, kahawia nzito ya chokoleti, ndiyo ningemshauri mwenye mdomo wa juu mweusi kuliko wa chini. Kinachoiweka juu ni wepesi wake. Ni nyepesi sana, tabaka moja linafunika, kwa hiyo huchovyi mara kwa mara, na kisponji chake chembamba kinafika pembe za mdomo bila kubeba mzigo wa rangi. Wepesi huo una gharama: ukichovya bila kukipangusa kisponji ukingoni, rangi inakimbilia kwenye mistari midogo ya pembeni, hivyo anza na wanja wa mdomo. Chupa ni mililita 4, ndogo kuliko nyingi. Marekani ilipoanza iliuzwa dola 24, yaani dola 6 kwa kila mililita. Fikiria mwenyewe hasara ya nusu chupa iliyokauka. Kenya iliingia rasmi Mei 2022 kupitia maduka ya Lintons, na nafasi ya kujaribu testa halali kabla ya kulipa ni sababu tosha ya kuipendelea.

Ya pili ni Liquid Matte ya Huda Beauty, kampuni ya Dubai iliyoanzishwa na Huda Kattan. Kahawia zake zimependeza sana kwa ngozi zetu na nyingi hufika kwenye mabegi ya wanaotoka Ghuba. Inakauka sana, kwa hiyo haimfai mwenye midomo inayochanika. Shida kubwa ni kopi zake, zimejaa kila mahali. Linganisha namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye boksi. Zisipofanana, rudisha mkononi mwa muuzaji.

MAC Retro Matte Liquid Lipcolour, mililita 5, naiweka ya tatu. Nyekundu yake ya Feels So Grand ina ukali ambao wapambaji wa maharusi wanaupenda, na haki yao. Inakauka ngumu, na tabaka likiwa nene linapasuka ukicheka.

Tatouage Couture ya YSL ina mililita 6 na ni nyepesi mdomoni kuliko zote hizi. Bei yake inanizuia kuipandisha.

Za bei nafuu: chukua Maybelline SuperStay Matte Ink, mililita 5, inashika kwelikweli ingawa midomo inanatanata. Zile za pakiti za rangi kumi na mbili zisizo na orodha ya viambato usipake mdomoni.

Ukishanunua, utunzaji ni mdogo ila ufanye kila mara. Futa hesi na ukingo wa shingo kwa tishu kavu kabla ya kufunga. Usikisukume kijiti juu chini kutafuta rangi. Kizungushe ndani ya chupa. Isimame wima, mbali na dirisha, na isilale kwenye gari. Ikianza kuwa nzito usiongeze asetoni ya kucha wala mafuta: asetoni itakuunguza midomo, mafuta yatafanya isikauke tena. Alama ya kikopo kilicho wazi yenye 12M ina maana miezi 12 tangu ulipofungua.

Na usirudie kupaka juu ya iliyokauka. Kimiminika cha tabaka jipya kinalainisha la zamani nusunusu, yanavurugana, ndipo vipande vinapoanza kutoka. Toa yote kwa mafuta ya nazi, acha dakika moja, pangusa mpaka mdomo usiteleze, kisha paka upya tabaka moja jembamba. Usibane midomo mpaka ikauke.

Wauzaji nao wanatuumiza. Chupa zinapangwa kwenye kioo kinachopigwa jua la mchana, chini ya taa za moto, miezi kadhaa, halafu unauzwa bei kamili. Ukiuliza bei unaambiwa njoo inboksi, na inboksi bei inategemea picha yako ya wasifu. Dola ikipanda wanapandisha siku hiyo hiyo hata kwa mzigo ulioingia mwaka jana. Dola ikishuka, kimya. Wapo wanaouza testa iliyofutwa shingo kama mpya, na ukirudi wanakuonyesha kibandiko cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, basi una haki ya kumuuliza muuzaji mzigo uliingiaje na kudai risiti yenye jina la duka.

Kwa anayeuza mtandaoni, kabla hujatuma hela omba picha moja inayoonyesha chini ya chupa na chini ya boksi kwa pamoja, namba zikisomeka, na nyingine ya kifuniko kikiwa na utepe au plastiki yake kama bidhaa hiyo hutoka nayo kiwandani. Akikutumia picha ya matangazo ya kampuni badala ya hizo, usilipe.