TAHADHARI: Rejeta "za Japani" zinazouzwa kwa picha

Ndugu zangu mnaoendesha magari ya zamani, hasa sisi wa nyanda za juu, someni hii kabla hamjatuma hela.

Corolla yangu ya 1998 ilianza kuchemsha milimani. Nikaona tangazo: rejeta (kile kipoza maji ya injini) ya mtumba kutoka Japani, 180,000, hela kwanza, mzigo unakuja na basi kutoka Dar. Ikafika nyeusi tii, inang'aa mpaka kwenye mapezi. Nilipaswa kushtuka palepale, maana rejeta iliyovuliwa kwenye gari haiji na rangi mbichi.

Wiki mbili gari lilitulia. Kisha asubuhi moja ya Julai naelekea Tukuyu, nimefika Isyonje, ukungu mzito, nawasha hita ili kioo kikauke, inapuliza baridi tupu. Mbele sioni kitu, watoto wako nyuma. Niliegesha pembeni tukakaa karibu saa nzima.

Fundi alishika ile mipira miwili ya hita: mmoja wa moto, wa pili baridi. Maji hayapiti. Alipofungua ukatoka uji wa kahawia wenye chenga zinazometa. Ni dawa ya kuziba matundu, imemiminwa kwenye rejeta mbovu ili isivuje siku za mwanzo. Imesafiri na maji hadi kwenye hita, ambako njia ni nyembamba, ikaganda. Akakwangua rangi kwa msumari: mabaka matatu ya gundi ya chuma.

Nilipompigia muuzaji akasema, "Toa themostati, huku Afrika haina kazi." Msimsikilize! Themostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa Toyota nyingi kama nyuzi 82. Ukiitoa kwa baridi ya Mbeya, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, na hita haitapata joto la maana. Baada ya hapo akaniblock.

Kama ni lazima ununue mtumba, nenda na fundi. Mulikeni tochi mdomoni muone mirija. Zibeni midomo, jazeni upepo kidogo, izamisheni majini. Mapovu yakitoka, iacheni.

Jina lake silitaji kwa sababu hulibadilisha kila mara. Mimi sasa nashusha dashibodi nzima kuitoa hita. Jana nimeliona tangazo tena: picha ileile, rejeta juu ya kitenge chekundu, bei imeshuka hadi 150,000.